Jina la Price lilitoka wapi?

Swali lenyewe nalifupisha. Msomaji aliyezaliwa na kukulia Kisauni, Mombasa, na ambaye sasa anafanya kazi ya uuguzi mjini Cardiff, anaandika kwamba msimamizi wake wa kazi anaitwa Price, na kwamba jina hilo halikuwa geni masikioni mwake, kwa kuwa mmisionari aliyeanzisha makazi ya Frere Town, yale ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, aliitwa Price vilevile. Anataka kujua mambo matatu: iwapo jina hilo lina maana ya "bei", kama linavyoonekana kwa mtu anayejua Kiingereza, iwapo akina Price wote ni wa ukoo mmoja, na iwapo yule Price wa Mombasa alikuwa Mwelisi kama alivyo msimamizi wake.

La kwanza ndilo jepesi. Jina la Price, kwa wengi sana wanaolibeba na kwa takriban wote wenye asili ya Wales, halina uhusiano wowote na bei. Ni maneno mawili ya Kiwelisi, ap Rhys, yaani "mwana wa Rhys", yaliyotamkwa kwa pamoja kwa muda mrefu hata sauti ya mwisho ya neno la kwanza ikahamia mwanzoni mwa neno la pili. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana utaratibu huu, kwa kuwa ndio ule ule wa bin na binti: Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab, ambaye wengi wanamfahamu zaidi kama Tippu Tip, angeweza kujitambulisha mbele ya wazee wa Wales wa karne ya 15 na wasione kitu cha ajabu katika jina lake isipokuwa majina yenyewe. Neno lao la mwana ni mab, na lilipokaa katikati ya majina mawili lilipoteza sauti yake ya kwanza, likabaki ab mbele ya irabu na ap mbele ya konsonanti. Binti alikuwa ferch, nao wanawake waliendelea kuitwa kwa majina ya baba zao hata baada ya kuolewa, jambo ambalo makarani wa Kiingereza waliliona kama kosa la kusahihishwa.

Mlolongo huo wa majina ulikuwa na kazi. Chini ya sheria za kale za Wales, ardhi iligawanywa sawasawa kwa wana wote wa marehemu, na madai ya urithi yaliweza kuwafikia hata ndugu waliochangia baba wa babu mmoja. Fidia ya damu, iliyoitwa galanas, ilikwenda mbali zaidi ya hapo: mtu akiua, ndugu wa mbali kabisa walilazimika kuchangia malipo, na ndugu wa mbali wa aliyeuawa walikuwa na fungu lao. Asiyeijua nasaba yake hakujua anamdai nani wala anadaiwa na nani. Kasisi Gerald wa Wales, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 12, alieleza kwamba hata watu wa kawaida waliweza kuzitaja nasaba zao kwa moyo hadi kizazi cha sita au cha saba na kuendelea, na mfano alioutoa ulikuwa wa mtu aliyekuwa hai katika siku zake: Rhys mwana wa Gruffydd, mwana wa Rhys, mwana wa Tewdwr, mwana wa Einion, mwana wa Owain, mwana wa Hywel, mwana wa Cadell, mwana wa Rhodri Mkuu. Gerald alikuwa na sababu ya kuikumbuka nasaba hiyo, kwa kuwa bibi yake mzaa mama alikuwa binti wa Rhys yule wa pili katika orodha.

Hao wawili ndio waliolipa jina la Rhys uzito wake. Rhys ap Tewdwr alikuwa mfalme wa Deheubarth, eneo la kusini-magharibi mwa Wales, na aliuawa mwaka 1093 karibu na Brecon akipigana na Wanormani waliokuwa wakijipenyeza mabondeni. Mjukuu wake, Rhys ap Gruffydd, aliyefariki mwaka 1197 na anayejulikana kwa Wawelisi kama Bwana Rhys, alirudisha sehemu kubwa ya ardhi ya babu yake, akapatana na Mfalme Henry II wa Uingereza, na wakati wa Krismasi ya mwaka 1176 aliwakusanya washairi na wanamuziki katika ngome yake ya Cardigan washindane, mshindi wa ushairi na mshindi wa muziki wakipewa kila mmoja kiti cha heshima. Wawelisi wanauhesabu mkutano huo kuwa chimbuko la eisteddfod, tamasha lao la ushairi ambalo hadi leo mshairi bora hukalishwa kitini. Jina lenyewe la Rhys, ambalo katika maandishi ya kale linaonekana kama Ris, hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni ari au hamasa, lakini sidhani wazazi waliokuwa wakiwapa watoto wao jina hilo walikuwa wakiwaza maana hiyo. Walikuwa wakiwakumbuka wafalme. Ndiyo sababu katika karne za kati Wales ilijaa akina Rhys wasiokuwa na undugu wowote, na hapo tayari tumeanza kulijibu swali la pili.

Kuhamia kwa sauti ya p hakukulipata jina hili peke yake. Ap Hywel likawa Powell, ap Huw likawa Pugh, ap Harri likawa Parry, ap Robert likawa Probert, ap Richard likawa Pritchard, ap Rhydderch likawa Prothero. Na penye irabu, ab Owain likawa Bowen, ab Ifan likawa Bevan, ab Einion likawa Beynon. Msomaji akipita katika wodi yake na kusoma majina vifuani mwa watumishi, atayaona kadhaa ya hayo kabla ya kufika mwisho wa korido. Majina ya namna hii yalishamiri zaidi mashariki mwa Wales, katika majimbo ya zamani ya Brecon na Radnor ambayo leo yamo ndani ya Powys, na kuvuka mpaka kuingia Herefordshire na Shropshire upande wa Uingereza, kwa sababu huko majina ya ukoo yaliganda mapema, wakati neno ap lilikuwa bado hai midomoni mwa watu. Magharibi, ambako mabadiliko yalichelewa, neno hilo lilikuwa limekwisha kudondoka; mtu aliandikwa kwa jina lake na la baba yake tu, au jina la baba likaongezewa s ya kumilikisha kwa mtindo wa Kiingereza, na huko ndiko walikotoka akina Jones, Davies na Evans. John Rowlands, mtoto aliyezaliwa Denbigh mwaka 1841, alikuwa na jina la namna hiyo, kabla hajajiita Henry Morton Stanley na kuja Zanzibar kutafuta wapagazi.

Sasa nieleze jinsi jina la baba lilivyogeuka kuwa jina la ukoo, kwa kuwa hapa ndipo penye mambo, na ndipo maelezo mengi mafupi yanapopotosha.

Husemwa mara kwa mara kwamba Waingereza walipiga marufuku majina ya Kiwelisi kwa sheria. Hapakuwa na sheria ya namna hiyo. Sheria mbili za Mfalme Henry VIII, za mwaka 1536 na 1543, ziliiunganisha Wales na Uingereza, zikaondoa mgawanyo wa ardhi kwa wana wote na kuweka urithi wa mwana wa kwanza, zikaamuru mahakama ziendeshwe kwa Kiingereza, na zikamzuia asiyejua Kiingereza kushika wadhifa wa serikali. Kuhusu majina hazikusema neno. Lakini zilitosha. Mara ardhi ilipoacha kugawanywa, haja ya kuitunza nasaba ndefu ilipungua. Na mara karani wa mahakama alipokuwa Mwingereza, au Mwelisi aliyesomea London, mwenye jina la vizazi vitano alikuwa kero mezani pake. Kuna kisa kinachosimuliwa hadi leo kumhusu Rowland Lee, askofu aliyeongoza Baraza la Wales kuanzia mwaka 1534, kwamba alichoshwa na kusikiliza orodha ya wazee wa baraza la mahakama wakitajwa kwa ap na ap nyingine, akaagiza kila mmoja achukue jina la mwisho au jina la nyumba yake, na kwamba Thomas ap Richard ap Hywel ap Ieuan Fychan akatoka mahakamani akiwa Thomas Mostyn, kwa jina la makazi yake. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi, lakini kinaeleza vizuri ni nani aliyekuwa akisukuma mambo: karani na daftari lake. Mwaka 1538 Thomas Cromwell aliongeza daftari jingine, alipoagiza kila parokia ya Uingereza na Wales iandike ubatizo, ndoa na maziko.

Waliobadilika kwanza walikuwa wenye mali na wanasheria. Chukua mtu mmoja wa Brecon, mji ambao uko karibu mno na mahali alipouawa Rhys wa kwanza. Rhys ap Gwilym alipata mwana mwanzoni mwa karne ya 16, na mwana huyo kwa desturi ya nyumbani alikuwa Siôn ap Rhys. Akasomea sheria, akaingia katika utumishi wa Thomas Cromwell, akatumwa kukagua nyumba za watawa zilipokuwa zikivunjwa, na katika nyaraka za Kiingereza akawa Sir John Prise. Mwaka 1546 alichapisha kitabu cha kwanza kabisa katika lugha ya Kiwelisi, kijitabu chenye alfabeti, kalenda, Imani, Sala ya Bwana na Amri Kumi, kinachojulikana kwa maneno yake ya ufunguzi, Yny lhyvyr hwnn, ambayo maana yake ni "katika kitabu hiki" tu. Kwake yeye mwenyewe, Prise lilikuwa bado jina la kweli: baba yake aliitwa Rhys. Mabadiliko yanaonekana kwa mwanawe. Kwa desturi ya zamani angekuwa Gregory ap Siôn, lakini aliyekwenda kuuwakilisha mji wa Hereford bungeni aliitwa Gregory Price, ilhali baba yake hakuwa Rhys. Katika kizazi hicho ndipo jina lilipoacha kumtaja baba halisi wa mtu na kuanza kutaja ukoo. Nami naona ni jambo la kukumbukwa kwamba mtu aliyekipa Kiwelisi kitabu chake cha kwanza ndiye huyo huyo ambaye nyumba yake ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuyaacha majina ya Kiwelisi.

Mbali na hapo, kaskazini, palikuwa na Rhys ap Maredudd, ambaye mapokeo yanasema aliibeba bendera ya joka jekundu katika vita vya Bosworth mwaka 1485, Henry Tudor alipomshinda Richard III na kutwaa ufalme. Mwanawe alikuwa Robert ap Rhys, na mwana wa Robert alikuwa Elis Prys wa Plas Iolyn, daktari wa sheria aliyeitwa na watu Daktari Mwekundu kwa rangi ya joho lake. Elis alichukua jina la babu, si la baba. Angetaka, angekuwa Probert, na wajukuu wake leo wangekuwa kwenye herufi hiyo hiyo ya alfabeti lakini ukurasa mwingine. Magharibi, huko Gogerddan karibu na Aberystwyth, familia nyingine iliyoshuka kutoka kwa Rhys mwingine kabisa ilijiandika Pryse. Hizo ni nyumba tatu, zenye akina Rhys watatu tofauti, ndani ya karne moja, na kila moja iliandika jina lake kwa tahajia yake.

Nyumba ya nne ndiyo iliyolipa gharama kubwa zaidi kwa ajili ya jina. Sir Rhys ap Thomas wa Dinefwr, aliyejinasibisha na Urien, mfalme wa Rheged wa karne ya 6, naye alipigana Bosworth upande wa Henry Tudor, akatunukiwa cheo na kuitawala kusini mwa Wales karibu kama mfalme hadi alipofariki mwaka 1525. Mjukuu wake, Rhys ap Gruffydd, alitarajia kurithi madaraka hayo, yakapewa Mwingereza. Pakazuka ugomvi, na mwaka 1531 akakatwa kichwa kwa kosa la uhaini. Miongoni mwa mashtaka dhidi yake lilikuwamo hili, kwamba alijiongezea jina la Fitz-Urien, "mwana wa Urien", kana kwamba anadai ufalme wa kale wa mababu zake. Kizazi chake kilipoanza kuinuka tena, hakikutumia ap wala fitz. Kilijiandika Rice, jina fupi lisiloweza kumtia mtu mashakani, na kwa jina hilo wakaja kuwa mabwana wa Dynevor. Katika karne ya 20, hatari hiyo ilipokuwa imesahaulika kitambo, familia ilirudisha tahajia ya Rhys.

Rice na Price, basi, ni jina moja, moja likiwa na ap na jingine bila ap. Na Rees, Reece na Rhys ni ndugu zao. Jina Rhys hutamkwa kama "riis" kwa masikio yetu, ila r yake hutolewa kwa pumzi. Prys lilitamkwa "priis". Waingereza, hata hivyo, katika karne hizo hizo walikuwa wakibadilisha matamshi ya irabu zao ndefu, na "ii" yao ikawa "ai". Jina lililokuwa limekwisha kuandikwa Price au Rice likavutwa na mkondo huo, wakati lililoandikwa Preece au Rees likabaki na sauti yake ya zamani. Kwa hiyo anayeitwa Preece, kama alivyokuwa William Preece, mhandisi mkuu wa posta ya Uingereza aliyezaliwa kaskazini mwa Wales na aliyemsaidia Marconi kujaribu simu isiyotumia waya mwaka 1897, analitamka jina la Kiwelisi kwa usahihi zaidi kuliko Price yeyote. Kule Montgomery, ambako watu walitumia ab hata mbele ya Rhys, jina limekuwa Breese.

Hao wote ni watu wakubwa. Kwa mkulima wa kawaida, jina la baba liliendelea kuhama kila kizazi kwa miaka 200 zaidi, na kwingine hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Rees ap Evan alipomzaa David, kasisi mmoja angemwandika mtoto David Rees na kasisi mwingine angemwandika David Price. Wana wawili wa baba mmoja wangeweza kubaki na majina mawili, na watoto wao wakadhani hawahusiani. Mwana wa David naye angeweza kuwa Evan David, na jina la Price likatoweka katika nyumba ile bila mtu yeyote kufa. Mfano wa jinsi mambo yalivyosimama katikati ya njia ni Richard Price, mwanafalsafa aliyezaliwa Llangeinor, Glamorgan, mwaka 1723, ambaye mwaka 1763 alifikisha mbele ya wanasayansi wa London insha ya marehemu rafiki yake Thomas Bayes kuhusu uwezekano wa matukio, na ambaye mwaka 1776 aliandika kuwatetea Wamarekani walioasi. Baba yake, aliyekuwa mchungaji, aliitwa Rees Price. Ukilifumua jina hilo unapata Rhys mwana wa Rhys, mtu ambaye jina lake linakariri neno moja mara mbili kwa sababu nusu yake ya pili ilikwisha kusahauliwa maana.

Jibu la swali la pili, basi, ni kwamba hakuna ukoo wa Price. Kuna mamia ya nyumba ambazo kila moja, kwa wakati wake, ilikuwa na baba au babu aliyeitwa Rhys siku karani alipofungua daftari. Watu wawili wenye jina hilo kutoka bonde moja la Brecon hawana sababu ya kudhani ni ndugu zaidi ya akina Juma wawili wa Tanga. Wauzaji wa nembo za ukoo, ambao huchapisha ngao moja yenye simba na kuiita ya akina Price wote, wanauza karatasi.

Na nje ya Wales mambo huchanganyika zaidi. Huko Uingereza zipo familia chache ambazo jina lao pengine lilitokana kweli na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya thamani, ndiyo maana sikusema "hapana" kavu pale mwanzo. Marekani, wahamiaji wa Kijerumani na Kiyahudi walioitwa Preiss au majina yanayofanana nalo waliligeuza kuwa Price ili wenzao waweze kulitamka. Na kwa Wamarekani Weusi jina hilo liliingia kwa njia nyingine kabisa, kama yalivyoingia majina mengine ya Kiwelisi, kutoka kwa waliowamiliki mababu zao au kwa kuchaguliwa baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865. Mwimbaji wa opera Leontyne Price, aliyezaliwa Laurel, Mississippi, mwaka 1927, amelifikisha jina hilo mbali kuliko Rhys yeyote wa Deheubarth.

Hapo ndipo linapokuja swali la tatu. William Salter Price wa CMS, shirika la wamisionari wa Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1874 akitokea Nasik, India, ambako alikuwa amewalea na kuwasomesha Waafrika waliokamatwa kutoka majahazi ya watumwa. Makazi aliyoyaanzisha Kisauni mwaka uliofuata yakapewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuja Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara hiyo. Jina la ukoo peke yake halitoshi kumfanya mtu huyo kuwa Mwelisi. Kufikia mwaka 1874 jina la Price lilikuwa limekaa katika majimbo ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 300, kwa kuwa Wawelisi walimiminika London na miji ya mpakani tangu enzi za Tudor, na familia iliyovuka mpaka wakati wa Gregory Price ilikuwa imekuwa ya Kiingereza kwa kila namna. Kinachothibitisha ni mahali pa kuzaliwa na wazazi. Kwa kipimo hicho hicho, jina la Frere halina hata harufu ya Wales, na bado Bartle Frere alizaliwa Clydach, kusini-mashariki mwa Wales, mwaka 1815, katika familia ya Kiingereza iliyokuwa ikiishi huko.

Ukitaka Price wa Kiwelisi katika historia ya pwani yetu, yupo, ila si wa Mombasa. Roger Price, aliyezaliwa mwaka 1834 katika parokia ya Merthyr Cynog karibu na Brecon, yaani katikati kabisa ya nchi ya akina Price, alikuwa mmisionari wa LMS, shirika la wamisionari la London, kusini mwa Afrika na shemeji yake David Livingstone. Mwaka 1876 shirika lilimtuma Zanzibar kutafuta njia ya kufikia Ziwa Tanganyika, naye akasafiri kutoka Saadani hadi Mpwapwa akipima kama magari ya kukokotwa na ng'ombe, aliyoyazoea kule kusini, yangeweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Safari hiyo ya majaribio ilimtia moyo. Msafara wenyewe wa mwaka 1877 ulishindwa, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza ng'ombe. Wenzake walifika Ujiji mwaka 1878 kwa miguu na kwa wapagazi, kama walivyofika wote waliowatangulia.

Na hata hapo Kisauni na Rabai, majina ya Kiwelisi yaliwahi kubebwa na watu wasio na tone la damu ya Wales. Mchungaji William Jones wa Rabai, mmoja wa Waafrika waliosomea India, alipewa daraja la ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, akafuatana naye katika safari ya Uganda, na askofu alipouawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huo, Jones ndiye aliyewarudisha pwani waliosalia. Jones ni jina la Kiwelisi linalobebwa na watu wengi kuliko yote. Kwake lilikuwa jina la ubatizo na shule, na limekaa katika historia ya kanisa la pwani kwa haki yake.

Kwa msimamizi wako, ndugu msomaji, akitaka kumjua Rhys wake, asianze na jina bali aanze na mahali. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Julai 1837, na sensa zinazofaa kwa kazi hii ni kuanzia ile ya mwaka 1841. Kwa vyeti vya wazazi na babu zake anaweza kuifikia parokia moja katika karne ya 19 bila taabu kubwa. Nyuma ya hapo kuna rejista za parokia, na zaidi ya zote wosia zilizothibitishwa katika mahakama za kanisa kabla ya mwaka 1858, ambazo ziko Maktaba ya Taifa ya Wales mjini Aberystwyth na nakala zake zinasomwa bure kwenye intaneti. Wosia una faida ambayo rejista haina: mkulima anayegawa kondoo wake huwataja wanawe wote kwa pamoja, na akikuta Rees Price anamwachia mwanawe David Rees shamba na mwanawe Evan Price ng'ombe wawili, atajua yuko karibu na kizazi kile ambacho jina lilikuwa likiganda. Kama familia inatoka Brecon au Radnor, ofisi ya kumbukumbu za Powys iliyoko Llandrindod Wells ina nyaraka za eneo hilo. Akikuta mama wa familia ameandikwa kwa jina lisilo la mumewe, asidhani hawakuoana. Huyo ni binti fulani, ameandikwa kwa jina la baba yake.